Winga wa Ziwa Dunmore

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey
25 Mei 2025

Kwako Bene, mtoto wa Rombo uliyepotelea kwenye miti,

Mambo vipi? Barua yako imefika. Yule dada wa ofisini kwenu mjini ameipiga picha akanitumia kwenye simu. Mwandiko wako bado ni kama kuku kaparua. Nimeisomea palepale kibarazani kwenye duka lililokuwa la baba yako, wapita njia wakadhani nimeitwa mahakamani.

Sasa nieleweshe, maana kichwa kinazunguka. Unasema kambini kwenu hakuna simu, hakuna mtandao, karatasi zinaletwa na rubani kila Jumamosi. Hapo nimekuelewa. Unasema mwezi wa tisa wageni wakipungua bosi anawaruhusu wafanyakazi mualike watu wawili walale bure, na mimi ni wa kwanza. Asante kaka, Mungu akupe. Tutapanda ndege kubwa, halafu kandege kenye viatu vya boti kanakotua juu ya maji, halafu boti yenyewe. Halafu tutavua samaki anaitwa maski, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, meno kama ya mbwa. Mtu anarusha ndoano wiki nzima na asimuone. Na akimpata anampima, anapiga naye picha, anamrudisha majini.

Bene. Anamrudisha?

Mimi ni mtoto wa watu wa Feri. Shangazi Badria anakaanga samaki pale tangu sijaota meno. Nimemsomea hicho kipande, akaweka kijiko chini, akauliza huko Kanada mnaumwa nini. Anasema nibebe dumu la barafu, wewe unanidanganya, mnaficha samaki msigawane. Na mimi nilishaanza kazi bwana. Yuko mama ntilie mmoja pale Mchafukoge, nimemwonyesha picha ya huyo maski, kasema kichwa ni chake asipewe mtu. Sasa nimwambie nini? Kwamba samaki alikuwepo, tukaagana naye?

Halafu huku chini kabisa umeandika, "Mzee mzima?" Maneno mawili. Miaka mitatu hamsemeshani, tangu alipokuambia rudi ushike duka na wewe ukamjibu duka ni jela. Leo unamuulizia baba yako kama mtu anayeuliza bei huku anaangalia pembeni. Mimi ni winga, Bene. Sina duka. Namchukua mteja barabarani, nampeleka duka la mwenzangu, naweka cha juu changu, kila mtu anaondoka anacheka. Anayeuliza bei huku anaangalia pembeni, huyo ndiye mnunuzi. Anayeshikashika bidhaa ni wa kupoteza muda tu.

Mzee mzima. Yuko zake Rombo. Nitamwandikia.

Nduguyo,
Haruna Mbaruku


Kariakoo
27 Mei 2025

Shikamoo Mzee Shirima,

Ni mimi Haruna, yule uliyekuwa unamfukuza kibarazani asubuhi na kumpa chai mchana. Naandika kwa sababu kwenye simu ukisikia jina la Benedict unakata, na vocha inakuwa imeondoka bure.

Mpangaji wako wa duka hajambo. Ila chupa za chai amezipanga juu, masufuria chini. Najua itakuuma.

Mzee, Benedict ameniandikia. Ameulizia hali yako kurasa mbili nzima. Anasema kambini kwake, mwezi wa tisa, kuna nafasi ya wageni wawili, na anayemtaka kwanza ni baba yake. Mimi ni wa kubeba begi tu. Kazi yenyewe ni kuvua samaki mmoja mkubwa anaitwa maski. Anasema baba asipokuja, hata huyo samaki hana haja naye. Nilijaribu kuisoma kwa sauti nikashindwa.

Mpe kondakta majibu, basi nitalipokea mwenyewe. Mama yetu Candida nampa shikamoo yake.

Mimi kijana wako,
Haruna


Rombo
6 Juni 2025

Haruna,

Marahaba. Barua imefika imekunjwa kama kitambaa cha jasho.

Samaki ni nyoka wa majini. Baba yangu hakumla na mimi simli, unalijua hilo. Nimeuza masufuria na chupa za chai Kariakoo miaka thelathini ili mtoto asome, naye ameenda kulinda nyoka wa majini porini. Mwambie siendi.

Kurasa mbili ameandika nini? Huyo hata shuleni insha ya ukurasa mmoja ilimshinda.

Halafu hujasema huyo samaki wakishampata wanamfanya nini.

Mwambie mpangaji chupa za chai zikianguka kutoka juu zote zinavunjika. Masufuria yakianguka yanapiga kelele tu.

O. Shirima


Kariakoo
8 Juni 2025

Bene kaka,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Mshua wako amejibu. Kwa mkono wake, kalamu ya bluu. Nilimuandikia kwamba umemwalika, na kauliza habari za huyo samaki! Kataka kujua mkishampata mnamfanya nini. Mtu asiyekuja anauliza hivyo? Kasema mambo ya safari ni ya kukaa na kufikiri, ila shida yake ni baridi, hana koti la huko. Na kakukumbuka ulivyokuwa unaandika insha shuleni.

Kwa hiyo wageni wawili ni mimi na yeye. Mwambie bosi aandike mwaliko. Mimi pasi ninayo, niliitafuta mwaka ule wa kwenda Oman nikaishia Bagamoyo. Mzee yake ni ile ya kufuatia mizigo China, bado hai.

Shangazi Badria anauliza kama mnamrudisha samaki kwa sababu hamna mafuta ya kukaangia. Nijibu nini?

Haruna


Kambi ya Ziwa Dunmore, Ontario
14 Juni 2025

Haruna,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye maji mpaka viatu vimejaa.

Baba ameuliza? Baba yangu mimi? Onesphory Shirima, ambaye harusini kwa mjomba akipewa sahani yenye samaki anahama meza?

Sikukwambia umwalike. Niliandika maneno mawili, nikakaribia kuyafuta. Lakini kama ameuliza mwenyewe sijui nifanye nini. Majira ya baridi, nikiwa mjini, kila Jumapili nampigia mama. Anaweka sauti kubwa, naanza kusema, nasikia mlango. "Baba yako ametoka kidogo, kaenda kwa ng'ombe." Kila Jumapili. Mtu asiyetaka hata kusikia sauti yangu anataka koti?

Bosi ameandika mwaliko wa watu wawili, ofisini watakutumia. Kuna dada mmoja wa kwetu anaitwa Moza, nesi huku mjini, anakuja likizo Dar. Nimempa koti, utalifuata kwake. Mwambie baba samaki anarudishwa majini mzima, sheria ya huku iko kali na sisi wenyewe ndivyo tunavyotaka, kwa sababu ni wachache na wanachelewa kukua. Shangazi Badria mwambie mafuta yapo.

Muulize na ng'ombe atamwachia nani.

Kuna kingine nataka umwambie, lakini naona usimwambie.

Benedict


Kariakoo
3 Julai 2025

Shikamoo mzee,

Hiyo iliyomo kwenye mfuko mweusi ni koti. Benedict amelituma kwa mkono wa nesi. Alipita maduka yote ya mji ule akilitafuta, makoti mengine aliyatupa chini, anasema hakuna linalomfaa baba. Usiku halali. Anakaa kando ya ziwa anataja jina lako mpaka wazungu wanamuonea huruma.

Samaki uliyemuuliza haliwi mzee. Wanampata, wanamwangalia, wanamrudisha. Najua utasema ni wazimu. Hata mimi nimesema.

Anauliza pia ng'ombe utamwachia nani.

Mwaliko umeshafika, una jina lako. Ukija Dar kutoa alama za vidole za viza nitakusindikiza, na zangu natoa hapohapo.

Haruna


Rombo
9 Julai 2025

Haruna,

Sielewi. Koti la nani? Nani aliomba koti? Mimi niliandika siendi. Nina nakala ya maneno yangu kichwani, siyo mzee wa kusahau.

Nimelijaribu. Limenitosha. Mabega ameyajuaje, na aliondoka nikiwa mnene?

Candida amecheka mpaka amekaa chini.

Hilo la kumrudisha samaki ndilo neno la kwanza la maana nimesikia toka huko. Miaka yote nawaambia watu wa pwani kile kitu kiacheni majini, mnanicheka. Kumbe wako watu wanasafiri kwa ndege kwenda kumtoa, wanamwona alivyo, wanamwacha aende. Hao nataka kuwaona. Siyo kwamba nakuja.

Ng'ombe gani? Tuliuza mwaka juzi, Candida alipoanza magoti.

Hizo alama za vidole zinatolewa saa ngapi?

O. Shirima


Kariakoo
12 Julai 2025

Bene,

Leo sina utani mwingi, nimechanganyikiwa mwenzio.

Baba yako koti limemtosha. Kuhusu ng'ombe nakupa maneno yake kama yalivyo, bei ya duka, sijaongeza hata nukta: "Ng'ombe gani? Tuliuza mwaka juzi, Candida alipoanza magoti."

Mwaka juzi, Bene. Sasa wewe ukipiga simu Jumapili, mlango ukalia, yule mzee anakwenda wapi?

Mimi sijui. Nakutumia kama ilivyo.

Haruna


Ziwa Dunmore
19 Julai 2025

Haruna,

Hilo la ng'ombe nimetembea nalo wiki nzima. Nimekaribia kugonga mwamba na boti ya wageni.

Lakini umeandika neno lingine hapo, na mimi nimekulia dukani. "Bei ya duka." Kumbe barua nyingine zote zilikuwa na cha juu? Kiasi gani? Baba aliomba koti au hakuomba? Alisema atafikiria safari au ulisema wewe?

Nijibu ukweli mara moja katika maisha yako. Kama umetunga, futa kila kitu, mwambie baba kwamba bosi amebadilisha mawazo. Siwezi kusimama pale gatini, ndege itue, baba ashuke akiwa na hasira ya kudanganywa, na mimi nimemsubiri kama mjinga. Akigeuza na ndege hiyohiyo, sitampata tena. Hilo unalijua?

Benedict


Kariakoo
2 Agosti 2025

Bene,

Kufuta haiwezekani. Mzee yuko hapa.

Kashuka kwenye basi juzi. Kapita Mtaa wa Aggrey mchana kweupe kavaa lile koti lako la barafu, vifungo vyote, jasho linamtiririka kama bomba la mtaa. Mawinga wote tukasimama. Jamaa mmoja anayeuza chupi na soksi kamwambia, "Mzee, hilo nalichukua, taja bei!" Baba yako kamjibu, "Hili haliuzwi. Nalizoea." Akaingia dukani kwa mpangaji, bila hata shikamoo kuitikia, akaanza kushusha chupa za chai.

Alipomaliza akatoka, akaketi kibarazani nilipokaa mimi. Akaagiza chai mbili. Nakuandikia tulivyosema, na Mungu ananiona.

Akaniuliza, "Benedict alisema hatalala mpaka nifike?"

Nikasema, "Ndiyo mzee."

"Alizunguka maduka yote anatupa makoti chini?"

"Ndiyo mzee. Mengine aliyakanyaga."

Akanywa chai. Akasema, "Haruna, mimi nimekaa mtaa huu miaka thelathini. Umeniletea wateja ukiwauzia sufuria yangu kama imetoka ikulu. Nilikuwa nakaa kimya kwa sababu bei ya duka naijua mimi. Sasa nakuuliza. Bei ya duka ni ngapi?"

Mwanangu, nilitafuta pa kukimbilia, mbele mikokoteni, nyuma ukuta. Nikamwambia: kwenye ile barua ya kwanza alisema maneno mawili tu. "Mzee mzima?" Basi. Kurasa mbili ni zangu. Mwaliko ni wangu. Koti nililiomba mimi kwa jina lako.

Akafungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena. Nikajua hapa nimekuvunjia kila kitu, Bene.

Akauliza, "Aliandika na alama ya kuuliza?"

Nikasema, "Ndiyo mzee, alama ilikuwepo."

Akasema, "Basi aliuliza."

Akanyanyuka. "Hizo ofisi za vidole ziko upande gani? Twende kabla jua halijaniyeyushia koti la mtoto."

Umesikia? Nimekwambia ukweli wako wa mara moja. Usiniombe mwingine, nimechoka.

Haruna


Kariakoo
30 Agosti 2025

Bene,

Majibu ya viza yametoka. Mzee amepata. Mimi nimenyimwa. Wanasema hawana uhakika kama nitarudi. Nitarudi! Nitakaa msituni na samaki wasiolika nifanye nini? Nina kibaraza, nina shangazi Badria, na nina mama ntilie wa Mchafukoge anayenidai kichwa. Nimecheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea kidogo peke yake. Nilishanunua na soksi.

Lakini nikae nifikiri. Winga kazi yake nini? Kumfikisha mteja mlangoni. Mteja na mwenye duka wakishaonana, winga akiendelea kusimama katikati ni wa kuzibia watu tu.

Tiketi uliyomkatia ameiweka ndani ya koti. Anabadilisha ndege mara mbili na Kiingereza chake ni kile cha kupatana bei China. Nimemfundisha kusema jina la mji wenu, analisema kama anamfukuza mbuzi. Kabeba chupa ya chai, kubwa, ya duka lake la zamani. Nimemwambia huko chai ipo. Kasema, "Chupa je?"

Kuanzia leo sina neno la kubeba. Mkitaka kuambiana kitu, ambianeni.

Haruna


Ziwa Dunmore
6 Septemba 2025

Haruna,

Anafika Jumanne. Nimefagia gati mara tatu, gati lenyewe la mbao, juu ya maji.

Nimchukulie begi kwanza au nimpe shikamoo kwanza? Nikianza na samahani ataona namharakisha. Nikinyamaza ataona bado nimenuna. Wewe ungesema nini? Usinitungie. Hapana, nitungie.

Najua barua hii itakukuta ameshafika. Naandika tu.

Benedict


Ziwa Dunmore, Kanada
20 Septemba 2025

Haruna,

Nimefika salama. Kile kindege hakina adabu.

Najua unataka kusikia yote, na mimi siyo mtu wa kurasa mbili, kwa hiyo soma polepole.

Benedict alinipokea begi na kusema shikamoo kwa wakati mmoja, begi likaanguka majini. Tukalivua. Huo ndio ulikuwa uvuvi wetu wa kwanza.

Tumekuwa tukitoka na boti kila siku. Kazi ni kurusha na kuvuta, kurusha na kuvuta. Huoni kitu. Ni kama duka mwezi wa Januari, umefungua, umepanga, unaangalia barabara. Hii kazi naijua. Siku za mwanzo yeye hasemi, mimi sisemi, namimina chai, tunarusha.

Juzi akasema bila kuniangalia, "Baba, ng'ombe mliuza?" Nikasema tuliuza. Akauliza, "Sasa Jumapili ulikuwa unaenda wapi?" Nikamwambia zizi limebaki tupu, liko chini ya dirisha la sebuleni, na simu ya mama yake ina sauti kubwa. Nilikuwa nasimama pale. Mvua ikinyesha nasimama na mwavuli.

Akaacha kurusha. Uzi ukazama wenyewe. Nikamwambia vuta, utanasa kwenye mawe. Akavuta huku akijifuta uso kwa mkono wa koti. Akasema, "Duka halikuwa jela, baba." Nikamwambia lilikuwa kidogo, hasa mchana. Tukacheka. Sikumbuki lini tulicheka mara ya mwisho.

Nyoka wa majini tulimpata leo asubuhi. Alifuata uzi mpaka ubavuni mwa boti, akauma ndoano, akatuangalia, mbaya sana, meno tupu. Benedict akamvuta kwa wavu, akamtoa ndoano, akamshika majini. Akaniambia, "Mwachie wewe baba." Nilimshika mkia. Ana nguvu, ana baridi. Alikaa mkononi mwangu kidogo anapumua, halafu akajua kwamba yuko huru, akaenda. Nimemwelewa. Mwambie Badria mafuta yapo, nimeyaona, na kichwa hakuna. Huyo mama ntilie mtafutie kichwa cha samaki changu kutoka Feri.

Desemba Benedict anakuja Rombo. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele yangu. Na wewe utapanda basi uje. Mbuzi nimeshamchagua kichwani. Utamchinja wewe kwa mkono wako, ili na wewe ule na sisi, siyo ukae pembeni na soda kama mgeni.

Hicho ndicho cha juu chako. Usikiongeze.

O. Shirima